Mwongozo kamili: Kushughulikia matukio ya kuamsha mfumo katika draiva ya Linux

Draiva nyingi huilaza mashine bila shida kisha hushindwa kuiamsha. Nyingine huiamsha, lakini tukio lililoiamsha hupotea njiani: mtumiaji anabonyeza kitufe, umeme unapanda, skrini inabaki giza, na baada ya muda mfupi mashine inalala tena. Dalili hizi mbili zina vyanzo tofauti. Ndiyo maana kuongeza mstari wa `enable_irq_wake()`, wito unaoiambia kerneli kwamba laini fulani iruhusiwe kuamsha mfumo, hutibu ya kwanza tu, tena si kila mara.

Mfano wetu ni draiva ya kidhibiti kidogo cha vitufe kinachokaa kwenye basi ya I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu na prosesa) na kina laini moja ya intarapti, yaani waya wa kuiita prosesa. Tumeiita `kitufe`. Mbinu hazibadiliki kwa kihisi, chipu ya saa au chaja ya betri. Tunachukulia kwamba draiva yako tayari inafanya kazi vizuri mashine ikiwa macho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kerneli 5.17 au mpya zaidi, kwa sababu tunatumia `DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS` na `pm_sleep_ptr`.
- `CONFIG_PM_SLEEP` na `CONFIG_PM_DEBUG` zikiwa zimewashwa. Bila ya pili hutaona faili za uchunguzi `pm_test` wala `pm_wakeup_irq`, na utabaki kubahatisha.
- debugfs (mfumo wa faili wa uchunguzi wa kerneli) iliyopachikwa kwenye `/sys/kernel/debug`.
- Amri ya `rtcwake`, na saa ya ndani inayoweza kuamsha mashine.
- Konsoli ya serial, pamoja na `no_console_suspend` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli.
- Mchoro wa saketi ya bodi. Usiuruke huu, hatua ya kwanza inautegemea.

Kabla ya kugusa msimbo, thibitisha kwamba bodi yenyewe inalala na kuamka:

```sh
cat /sys/power/mem_sleep
rtcwake -m mem -s 30
```

Amri ya kwanza huonyesha aina za usingizi, kwa mfano `s2idle [deep]`, yaani usingizi mwepesi na usingizi mzito; iliyo ndani ya mabano ndiyo itakayotumika. Ya pili inailaza mashine na kuiamsha baada ya sekunde 30. Ikishindwa hapo, tatizo liko kwenye bodi au firmware, na draiva yako haiwezi kulitatua.

## Hatua ya 1: Hakikisha kifaa kina umeme wakati wa usingizi

Fuata mambo matatu kwenye mchoro.

Kwanza, umeme wa chipu. Ikiwa regyuleta yake (saketi inayoipatia umeme) inazimwa mfumo unapolala, chipu haitaweza kuvuta laini ya intarapti. Katika mti wa vifaa (device tree, faili inayoieleza kerneli vifaa vya bodi), regyuleta hiyo iwe na `regulator-on-in-suspend` ndani ya `regulator-state-mem`.

Pili, kizuizi kinachoivuta laini juu (pull-up). Kikiwa kimeunganishwa na umeme unaozimwa, laini itashuka yenyewe mara mfumo unapolala, na mashine itaamka papo hapo bila mtu kugusa chochote. Hili huwasumbua watu kwa siku nyingi kwa sababu wanalitafuta kwenye msimbo.

Tatu, pini. Katika prosesa nyingi si kila pini ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla) inaweza kuamsha mfumo kutoka usingizi mzito. Soma mwongozo wa prosesa yako uone kama benki ya pini hiyo iko kwenye eneo lisilozimwa umeme.

Ukifaulu: kwa multimita, mashine ikiwa usingizini, laini inabaki juu na inashuka kitufe kinapobonyezwa.

## Hatua ya 2: Tangaza kwamba kifaa kinaweza kuamsha

```dts
kitufe@38 {
	compatible = "mfano,kitufe";
	reg = <0x38>;
	interrupt-parent = <&gpio1>;
	interrupts = <17 IRQ_TYPE_LEVEL_LOW>;
	vdd-supply = <&reg_3v3>;
	wakeup-source;
};
```

Kwa kifaa cha I2C, neno `wakeup-source` linatosha. Kiini cha I2C chenyewe huita `device_init_wakeup()` na `dev_pm_set_wake_irq()` kabla ya `probe` yako (funksheni inayoitwa kifaa kinapopatikana), na husafisha wakati wa kuondoa draiva. Ukiita `dev_pm_set_wake_irq()` tena ndani ya draiva utapata onyo la `wake irq already initialized` na kosa la `-EEXIST`.

Kwa draiva ya platform (ya kifaa kisichokaa kwenye basi kama I2C) kazi hiyo ni yako, ndani ya `probe`:

```c
if (device_property_read_bool(dev, "wakeup-source")) {
	device_init_wakeup(dev, true);
	ret = dev_pm_set_wake_irq(dev, irq);
	if (ret)
		dev_warn(dev, "laini ya kuamsha haikufungwa: %d\n", ret);
}
```

Katika `remove`, ita `dev_pm_clear_wake_irq(dev)` kisha `device_init_wakeup(dev, false)`.

Kwa nini tusiite `enable_irq_wake()` wenyewe ndani ya `.suspend`, funksheni ya draiva inayoitwa mfumo unapolala? Unaweza, na draiva nyingi hufanya hivyo. Lakini itabidi ukumbuke kama ilifaulu: kidhibiti cha intarapti kisichojua kuamsha hurudisha `-ENXIO`, na ukiita `disable_irq_wake()` bila ile ya kwanza kufaulu, kerneli hulalamika `Unbalanced IRQ wake disable` ikitaja namba ya laini. `dev_pm_set_wake_irq()` hukuondolea hesabu hiyo na huheshimu uamuzi wa mtumiaji bila wewe kuandika chochote.

Kigezo cha `true` kinamaanisha uamshaji unaanza ukiwa umewashwa. Kwa kitufe cha kuwashia na kibodi hiyo ni sawa. Kwa vifaa vingine vingi tumia `device_set_wakeup_capable(dev, true)` na umwachie mtumiaji aamue. Kihisi cha mwendo kinachoamsha mashine kila inapotikiswa ni kero.

Ukifaulu: `cat /sys/bus/i2c/devices/1-0038/power/wakeup` inatoa `enabled`. Faili hilo likiwa halipo, kifaa hakijatangazwa kabisa.

## Hatua ya 3: Elewa vipindi vitatu vya hatari

Hapa ndipo draiva nyingi huharibika, kwa hiyo soma polepole.

Ukiandika `mem` kwenye `/sys/power/state`, kerneli hugandisha programu za mtumiaji, huita `.suspend` ya kila kifaa, kisha hatua ya `late`, kisha huzifunga intarapti za vifaa kwa `suspend_device_irqs()`, kisha `noirq`, ndipo prosesa inalala. Kurudi ni kinyume chake: `noirq`, intarapti zinafunguliwa, `early`, halafu `.resume`.

Kipindi cha kwanza ni kati ya `.suspend` yako na `suspend_device_irqs()`. Funksheni yako ya intarapti bado inaitwa, lakini kidhibiti cha I2C huenda kimeshalala. Kerneli bado haijaanza kuilinda laini yako kama laini ya kuamsha. Usipotoa taarifa wewe mwenyewe, mfumo utaendelea kulala huku kitufe kimebonyezwa.

Kipindi cha pili ni baada ya `suspend_device_irqs()`. Funksheni yako haiitwi kabisa. Laini ya kuamsha inabaki wazi, na intarapti ya kwanza ikija, kerneli yenyewe huifunga, huiwekea alama kwamba inasubiri, na husimamisha ulalaji au huuamsha mfumo. Hiki ndicho kipindi pekee ambacho `enable_irq_wake()` inakilinda.

Kipindi cha tatu ni baada ya intarapti kufunguliwa na kabla ya `.resume` yako. Ile intarapti iliyosubiri sasa inaletwa, uzi wako (thread inayoendesha funksheni yako ya intarapti) unaamka na kujaribu kusoma rejista za chipu, na I2C bado imelala. Utaona `Transfer while suspended` kwenye kumbukumbu za kerneli, na usomaji utarudisha `-ESHUTDOWN`, yaani -108.

Kinachofuata kinategemea aina ya laini. Ikiwa ni ya kiwango, yaani inabaki chini mpaka chipu isomwe, intarapti itarudi mfululizo. Uzi wako ukirudisha `IRQ_NONE` kila mara, mara 99,900 kati ya 100,000 zikipita kerneli itaifunga laini kwa ujumbe wa `nobody cared`, na kifaa chako kitakuwa kiziwi hadi draiva ipakiwe upya au mashine iwashwe upya. Ikiwa laini ni ya ukingo, yaani hutoa intarapti pale tu volteji inapobadilika, tukio limepotea moja kwa moja.

Vidhibiti vingine vya I2C huamka mapema, kwenye `noirq`. Kwenye bodi kama hizo kosa la kipindi cha tatu halionekani, na draiva huonekana salama mpaka ihamishiwe bodi nyingine. Usichukue bodi moja kama ushahidi.

## Hatua ya 4: Andika funksheni ya intarapti

```c
static irqreturn_t kitufe_irq(int irq, void *data)
{
	struct kitufe *k = data;
	struct device *dev = &k->client->dev;

	mutex_lock(&k->lock);
	pm_wakeup_dev_event(dev, 1000, k->suspended);

	if (k->suspended) {
		k->pending = true;
		disable_irq_nosync(irq);
	} else {
		kitufe_soma(k);
	}
	mutex_unlock(&k->lock);

	return IRQ_HANDLED;
}
```

Isajili kwa `devm_request_threaded_irq()` ukiwa na `IRQF_ONESHOT`.

`pm_wakeup_dev_event()` inafanya kazi mbili. Inaongeza hesabu ya matukio, na inauzuia mfumo kulala kwa milisekunde 1000 ili programu ya mtumiaji ipate nafasi ya kulipokea tukio. Muda huo unaanza kuhesabiwa kabla vifaa vyote havijaamka, kwa hiyo usiuweke mfupi mno. Milisekunde 50 zinaweza kwisha kabla programu hazijagandulika.

Kigezo cha tatu ndicho kinachosahaulika. Kikiwa `false`, ambayo ni sawa na `pm_wakeup_event()`, tukio husimamisha ulalaji pale tu ambapo aliyeulaza mfumo aliandika kwanza hesabu ya matukio ya kuamsha kwenye `/sys/power/wakeup_count`. Mtu akiandika `mem` moja kwa moja, kerneli huhesabu tukio na kuendelea kulala. Kikiwa `true`, ulalaji husimama bila kujali. Katika kipindi cha kwanza tumeifunga laini kwa `disable_irq_nosync()`, kwa hiyo tusipousimamisha ulalaji, huenda laini hiyo isiweze kuamsha tena.

Kufunga laini ndiko kunakozuia mafuriko ya intarapti. Tumia `disable_irq_nosync()`, kamwe si `disable_irq()`: hiyo ya pili husubiri funksheni ya intarapti imalize, nawe uko ndani yake, kwa hiyo utakwama milele.

Onyo: usiutie uzi kwenye kusubiri `.resume` ndani ya funksheni hii. Ikitokea katika kipindi cha kwanza, `suspend_device_irqs()` itakuwa inausubiri uzi wako umalize, na uzi wako unasubiri `.resume`. Mashine itaganda.

Onyo jingine: usitumie `IRQF_NO_SUSPEND` ili kupata uamshaji. Bendera hiyo huacha funksheni iitwe wakati kila kitu kimelala, haiahidi kuuamsha mfumo, na haipaswi kuunganishwa na `enable_irq_wake()` kwenye laini moja.

Kama kazi yako inachukua muda usiojulikana, tumia `pm_stay_awake()` na `pm_relax()` badala ya milisekunde. Kumbuka hazihesabiani: ukiita `pm_stay_awake()` mara tatu, `pm_relax()` moja inaondoa zote.

## Hatua ya 5: Andika `.suspend` na `.resume`

```c
static int kitufe_suspend(struct device *dev)
{
	struct kitufe *k = dev_get_drvdata(dev);

	mutex_lock(&k->lock);
	k->suspended = true;
	mutex_unlock(&k->lock);

	if (!device_may_wakeup(dev)) {
		disable_irq(k->client->irq);
		regulator_disable(k->vdd);
	}
	return 0;
}

static int kitufe_resume(struct device *dev)
{
	struct kitufe *k = dev_get_drvdata(dev);
	int irq = k->client->irq;
	int ret;

	if (!device_may_wakeup(dev)) {
		ret = regulator_enable(k->vdd);
		if (ret)
			return ret;
		kitufe_anzisha(k);
	}

	mutex_lock(&k->lock);
	k->suspended = false;
	if (k->pending) {
		k->pending = false;
		kitufe_soma(k);
		enable_irq(irq);
	}
	mutex_unlock(&k->lock);

	if (!device_may_wakeup(dev))
		enable_irq(irq);
	return 0;
}

static DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS(kitufe_pm, kitufe_suspend, kitufe_resume);
```

Kwenye muundo wa draiva weka `.pm = pm_sleep_ptr(&kitufe_pm)`.

Angalia kwamba umeme unazimwa tu kifaa kikiwa hakitakiwi kuamsha. Kuzima regyuleta bila kuuliza `device_may_wakeup()` ni kosa la kawaida sana, na hujificha kwa sababu kila wito hurudisha sifuri.

Angalia pia kwamba kifaa kinachoamsha hakipitishwi kwenye `kitufe_anzisha()` kabla ya kusomwa. Kuiweka chipu upya hufuta rejista ya hali, na ndani yake ndimo lilimo tukio lako. Kama ni lazima uianzishe, soma kwanza.

Tunaisoma chipu moja kwa moja ndani ya `.resume` badala ya kufungua laini tu na kungoja intarapti mpya, kwa sababu kwenye laini ya ukingo hakuna intarapti nyingine itakayokuja.

Limebaki jambo moja kwa vitufe. Mtumiaji hubonyeza na kuachia kwa haraka. Hadi unapoisoma chipu, kitufe kimeshaachiwa na rejista inasema hakuna kitu. Kama chipu haina foleni ya matukio, toa taarifa ya kubonyezwa hata hivyo, kisha ya kuachiwa. Draiva ya `gpio-keys` ndani ya kerneli hufanya hivyo hivyo: intarapti ikija draiva ikiwa bado kwenye hali ya kulala, huigiza mbonyezo. Bila hili mashine inaamka na skrini haina sababu ya kuwaka.

## Hatua ya 6: Jaribu kila kipindi peke yake

Kubonyeza kitufe mashine ikiwa imelala kabisa hakuwezi kukuonyesha kipindi cha kwanza. `pm_test` inaweza.

```sh
echo 1 > /sys/power/pm_debug_messages
echo devices > /sys/power/pm_test
echo mem > /sys/power/state
```

Kerneli itaita `.suspend` za vifaa vyote, itasimama sekunde 5, kisha itarudi. Bonyeza kitufe ndani ya sekunde hizo: uko kwenye kipindi cha kwanza. Sekunde 5 zikiwa chache, ongeza namba kwenye `/sys/module/suspend/parameters/pm_test_delay`.

Ukifaulu: hakuna `Transfer while suspended`, na mbonyezo unaonekana kwenye `evtest` (programu inayoonyesha matukio ya vitufe) mara tu mfumo unaporudi.

Rudia ukiwa umeandika `platform` badala ya `devices`. Sasa intarapti zimefungwa na laini za kuamsha zinalindwa, kwa hiyo mbonyezo mmoja unapitia kipindi cha pili na cha tatu bila prosesa kulala. Huu ndio mtihani wenye thamani kubwa kuliko yote, na hauhitaji bodi kuamka kweli.

Mwisho, usingizi halisi. Weka saa ya akiba kwanza ili usikwame:

```sh
echo none > /sys/power/pm_test
rtcwake -m no -s 120
n=$(cat /sys/power/wakeup_count)
echo "$n" > /sys/power/wakeup_count && echo mem > /sys/power/state
```

Bonyeza kabla ya dakika mbili kwisha, kisha kagua:

```sh
cat /sys/power/pm_wakeup_irq
cat /sys/kernel/debug/wakeup_sources
```

Namba ya kwanza iwe ile ya laini yako kwenye `/proc/interrupts`. Laini yako ikipitia chipu nyingine yenye intarapti zake, inaweza kuwa namba ya chipu hiyo. Kwenye jedwali la pili tafuta mstari wa `1-0038`: `event_count` iwe imepanda. Ikiwa `expire_count` nayo inapanda, muda uliouweka uliisha wenyewe, jambo ambalo ni la kawaida kwa njia ya milisekunde.

Rudia yote kwa `s2idle` na kwa `deep`. Njia za vifaa ni tofauti: kwenye `s2idle` kidhibiti cha kawaida cha intarapti ndicho kinachopokea, kwenye `deep` mara nyingi ni saketi nyingine ya prosesa. Kufaulu kwa moja hakuthibitishi nyingine. Kisha andika `disabled` kwenye `power/wakeup` na uhakikishe kitufe hakiamshi tena, na kwamba kinafanya kazi mashine ikiamshwa na saa.

## Ikishindikana

Mashine haiamki kwa `deep`, inaamka kwa `s2idle`. Rudi hatua ya 1: pini au umeme. Draiva imeshajithibitisha.

Kuandika kwenye `wakeup_count` kunakataliwa. Kuna tukio limeingia kati ya kusoma na kuandika. Soma upya. Ikiwa kusoma kwenyewe kunaning'inia, kuna chanzo kisichoachia. Kitafute kwenye safu ya `active_since` iliyo zaidi ya sifuri. Mara nyingi ni `pm_stay_awake()` iliyokosa `pm_relax()` kwenye njia ya kosa.

Mashine inaamka mara tu inapolala. Soma `pm_wakeup_irq`. Ikiwa ni laini yako, pima volteji yake wakati wa usingizi. Ikiwa iko sawa, chipu ilikuwa na tukio la zamani ambalo halikusomwa kabla ya `.suspend`.

Ujumbe wa `Some devices failed to suspend, or early wake event detected`. Ukiwa ulibonyeza kitufe wakati huo, huo ni ushindi: kipindi cha kwanza kimelindwa. Ukiwa hukugusa kitu, tafuta juu yake kifaa kilichorudisha kosa kwenye `.suspend`.